LUKU moja, vyumba sita: namna ya kuituliza nyumba ya kupanga

Swali limetoka kwa msomaji wa Temeke, Dar es Salaam. Kwa ufupi: yeye na ndugu zake watatu wamerithi nyumba ya vyumba sita kutoka kwa mama yao. Kila chumba kina mpangaji, kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi. LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, bomba la maji la DAWASA ni moja, vyoo viko viwili uani. Wapangaji wanagombana kila wiki kuhusu umeme, hasa kwa sababu ya friji mbili. Mmoja anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Mwingine anahama mwisho wa mwezi na anataka amana yake, ilhali chumba kimechakaa. Kaka mkubwa anataka kodi ipande mpaka 100,000 mara moja, na mdogo wao anajitolea kuhamia pale awe msimamizi. Anauliza: "Nifanyeje nyumba itulie bila kumtoa mtu kwa nguvu?"

Dada, pole kwa kuondokewa na mama. Naanza na umeme, ingawa umeutaja katikati ya mengine, kwa sababu huo ndio ugomvi unaoamka kila siku. Kodi hulipwa mara chache kwa mwaka. LUKU huisha saa nne usiku, feni ikasimama, mtoto akaanza kulia, na hapo ndipo watu huanza kuhesabiana nani alinunua mara ya mwisho. Anayelaumiwa ni mwenye friji, kumbe tatizo ni mgawanyo ambao mwenye nyumba aliuacha ujiendee wenyewe.

Tuweke namba. Chukua nyumba kama yako: chumba cha kwanza kina friji, televisheni na pasi, kinatumia uniti 60 kwa mwezi. Cha pili nacho kina friji, uniti 55. Vingine vinne vinatumia 20, 18, 15 na 12. Taa za uani na koridoni zinakula 12. Jumla ni uniti 192. Nyumba yenye matumizi hayo kwenye mita moja huwa daraja la bei la T1, ambalo uniti ni shilingi 292 kabla ya makato, kwa bei zilizopo tangu 2016. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, uniti moja inafika kama shilingi 356. Uniti 192 ni takriban 68,400.

Mkigawana sawa kwa vyumba sita, kila mmoja anatoa 11,400. Mwenye uniti 12, hata akibebeshwa sehemu yake ya taa za nje, alipaswa kulipa kama 5,000. Mwenye uniti 60 alipaswa kulipa kama 22,000. Yaani kila mwezi yule wa taa mbili na simu anamlipia jirani zaidi ya 6,000, na anajua. Hana namba ya kuonyesha, kwa hiyo anaonyesha hasira. Utaratibu wa "kununua kwa zamu" ni mbaya zaidi, maana anayenunua wiki ambayo mwenzake anapiga pasi nguo za wiki nzima ndiye anayeumia.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limevunja urafiki katika nyumba nyingi. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi: nyumba ya kawaida isiyo ghorofa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Mpangaji akinunua umeme wa 5,000 tarehe mosi, zinabaki 3,500, anapata uniti 9.8 badala ya 14. Wenzake wanaangalia mita wanasema amekula hela. Naye anaapa kwamba hakula, na wote wanasema kweli wanavyoona. Kodi hiyo ni ya mmiliki wa jengo, si ya mpangaji. Dawa yake ni rahisi kuliko zote utakazosoma hapa: tarehe mosi ya kila mwezi nunua wewe umeme wa kwanza, hata wa 3,000 tu, kwa simu yako, ili makato yaishie kwako. Umeme utakaobaki uwe wa taa za nje. Kama kuna miezi LUKU haikununuliwa na deni limejikusanya, lilipe lote kwanza kabla hujawaita watu kuzungumza nao.

Sasa mita ndogo. Kila chumba kiwe na mita yake ya kusoma uniti, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na kila moja iwe na breka yake. Wewe ndiye wa kuzinunua. Mpangaji akijinunulia ataondoka nayo na kuacha nyaya zinaning'inia. Kazi kubwa hapa si mita, ni nyaya. Nyumba za zamani mara nyingi zina vyumba viwili kwenye laini moja, kwa hiyo mita ya chumba cha pili inaweza kuwa inasoma soketi ya chumba cha tatu. Usimlipe fundi kabla hamjafanya majaribio mawili pamoja na wapangaji. La kwanza: zima breka moja moja, mwenye chumba aseme kama kila taa na kila soketi yake imezima, na majirani waseme kama zao bado zinawaka. La pili: weka hita ya maji ya wati 1,000 ndani ya ndoo iliyojaa, iwashe dakika 30 bila mtu kugusa maji wala ndoo. Mita ya chumba hicho lazima isogee nusu uniti, au karibu sana na hapo. Usitumie pasi kwa jaribio hili kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe, hesabu haitoki.

Mita zote zisomwe siku moja, saa moja, na msomaji awe na mpangaji mmoja pembeni. Karibu na LUKU weka ubao: chumba, usomaji wa mwezi uliopita, wa sasa, uniti, shilingi. Mwanzo wa mwezi kila chumba kichangie kulingana na uniti zake za mwezi uliopita, kisha tofauti irekebishwe mwezi unaofuata. Anayenunua tokeni apige picha ujumbe wake aubandike au autume kwa wote. Jumla ya mita ndogo haitalingana na LUKU sawasawa. Taa za nje na mita za bei nafuu hula kidogo. Pengo likizidi sehemu moja ya kumi baada ya kutoa taa za nje, mwite fundi atafute uvujaji au mtu aliyechepusha waya.

Na tafadhali usiweke faida kwenye uniti. Wapo wenye nyumba wanaowauzia wapangaji kwa 500. Bei halisi iko kwenye ujumbe wa tokeni, mtu wa darasa la saba anaigawanya kwa simu yake, na siku atakayoigundua hatakuamini hata ukimwambia leo ni Jumatatu.

Kama mna fedha, kuna njia bora zaidi ya mita ndogo: kila chumba kiombewe LUKU yake kwenye shirika la umeme, TANESCO. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, kama 122 ukijumlisha yote. Akipita 75, kila uniti ya ziada inapanda mpaka 350 kabla ya makato. Angalia tena mfano wetu: hakuna chumba hata kimoja kinachofika 75. Wote sita wangekuwa D1, uniti zao 180 zingegharimu kama 22,000, badala ya zaidi ya 64,000 wanazolipa sasa kwa uniti hizo hizo. Kwa kuwa wote wako kwenye LUKU moja, wanatozwa kama mtumiaji mkubwa. Gharama ndiyo kikwazo: kuunganishwa mjini ndani ya mita 30 bila nguzo ilikuwa 320,960 kwa LUKU moja, kwa hiyo sita ni karibu milioni mbili, bila kuhesabu kazi ya nyaya. Uliza bei ya sasa kabla ya kupanga, na kumbuka kwamba daraja hupangwa na TANESCO, usilihesabu kama umeshalipata. Ningeanza na mita ndogo mwaka huu, halafu LUKU mbili za vyumba vyenye friji mwakani.

Maji yana hesabu tofauti. Kwa bomba la uani linalotumiwa na wote, mita ndogo haisaidii. Gawanya kwa vichwa, si kwa vyumba. Mama mwenye watoto wanne hatumii sawa na kijana anayelala tu pale. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Mtu akitumia ndoo mbili kwa siku, mwezi wa siku 30 ni lita 1,200, yaani uniti 1.2. Nyumba ya watu 14 ingetumia karibu uniti 17. Bili ikija na 30, usiwatuhumu watu kwanza. Fungeni bomba na koki zote saa nne usiku, soma mita, isome tena saa kumi na moja alfajiri. Ikiwa imesogea, bomba la chini ya ardhi au tangi la choo linavuja, na hiyo ni kazi yako wewe mwenye nyumba. Mkubaliane pia kama mtoto mchanga anahesabiwa, na mgeni anaanza kuhesabiwa baada ya siku ngapi. Wiki moja inatosha kumvumilia mgeni.

Vyoo viwili vigawe: vyumba vitatu choo kimoja, na kufuli lake. Choo cha vyumba vyote sita hakina mwenyewe, na zamu ya usafi haidumu. Kunyonya shimo likijaa andikeni kabisa nani analipa. Ningependekeza gharama za matumizi wagawane wapangaji kwa vichwa, na ujenzi au ubovu wa shimo uwe wako.

Tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ni zito kuliko friji: mwenye nyumba ni nani? Mko wanne. Mpangaji akimlipa kaka mkubwa, mdogo akaja wiki inayofuata kudai, hakuna mkataba utakaoiponya nyumba hiyo. Kabla mirathi haijagawanywa, anayesimamia mali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndiye anayetakiwa kusaini mikataba. Kama hamjamteua, anzieni hapo. Kisha andikeni barua moja yenye saini zenu wote wanne, kila mpangaji apewe nakala: kodi inalipwa kwenye namba hii au akaunti hii tu, kwa jina hili, malipo kwa mtu mwingine yeyote hayatambuliki. Semeni na makato ya kutolea ni ya nani, maana mpangaji anayetuma 80,000 kamili na mwenye nyumba anayepokea pungufu baada ya kutoa kwa wakala wote hujiona wameibiwa.

Kila malipo yawe na risiti siku hiyo hiyo, na risiti itaje ni ya mwezi gani. Wengi huandika "nimepokea 50,000" wakaishia hapo. Baada ya miezi minne ya malipo nusunusu, hakuna anayejua deni limebaki la mwezi upi.

Sasa huyu anayehama. Uliza kwanza: alipoingia, kuna karatasi ya makabidhiano aliyosaini? Kwa namna ulivyoeleza, haipo. Basi huna pa kusimamia. Huwezi kuthibitisha kwamba wavu wa dirisha ulikuwa mzima au kwamba ukuta haukuwa na madoa. Pita naye chumbani mchana, mwulize mwenyewe nini kimeharibika mikononi mwake, kata kile tu anachokikubali, na umrudishie kilichobaki siku anapokabidhi funguo. Utapoteza kiasi fulani. Lakini vyumba vingine vitano vinatazama, na watakavyokuona ukimtendea huyu ndivyo watakavyolipa mwezi ujao.

Kwa mpangaji atakayeingia baada yake, fanya hivi. Kabla hajaingiza godoro, piteni chumba kizima na karatasi ya kurasa mbili. Iandikwe kwa vitu, siyo kwa sifa. "Chumba kizuri" haisaidii. Kinachosaidia ni kama hivi:

Mlango wa mbao, kitasa kimoja, funguo 2, zote zinafungua. Dirisha moja, vioo 6, kimoja kina ufa kona ya chini kushoto. Wavu mzima. Soketi 2, zote zinafanya kazi, moja imelegea. Taa 1. Ukuta umepakwa rangi Machi mwaka huu. Dari ina doa la maji upande wa mlango. Mita ndogo: 0412.6.

Pigeni video ya dakika mbili, mwenye chumba ndiye aishike simu, kisha atume kwako ili kila mmoja abaki nayo. Saini mbili, nakala mbili.

Katika mkataba eleza uchakavu wa kawaida ni upi na uharibifu ni upi, na muipatie kila kitu umri. Rangi mkiipa miaka mitatu, mpangaji aliyekaa miaka miwili akaacha ukuta umechorwa na watoto hatozwi rangi nzima. Kupaka chumba kikiwa ni 90,000, imebaki miezi 12 kati ya 36, anakatwa 30,000. Aliyekaa miaka mitatu hakatwi kitu kwa rangi. Kitasa kilichopotezewa funguo analipa chote. Soketi iliyoungua kwa sababu waya zako ni za zamani si yake. Iliyoungua kwa sababu alichomeka pasi, jagi na jiko kwenye ekstensheni moja ni yake. Weka siku saba za kurejesha amana pamoja na risiti za fundi. Na fedha ya amana isichanganywe na kodi mnayogawana ninyi wanne. Amana nyingi hazirudi kwa sababu tu zilishaliwa, halafu ndipo kasoro za ukuta zinatafutwa.

Matengenezo yawekewe muda, maana ahadi ya "fundi atakuja" ndiyo inayomfanya mpangaji ashikilie kodi. Waya unaotoa cheche, bomba lililopasuka, choo kilichoziba, mlango wa nje usiofunga: ndani ya saa 24. Paa linalovuja lizibwe kwa muda ndani ya siku tatu, kazi kamili ndani ya mwezi. Bawaba, koki inayodondosha, wavu: siku 14. Balbu na kitasa cha ndani alichovunja mwenyewe ni cha mpangaji. Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, inakubebesha wewe paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja pale unapopangisha sehemu ya jengo, hata kama mkataba haukusema. Inampa mpangaji pia haki ya kukaa bila kubughudhiwa, nawe haki ya kuingia kukagua kwa wakati unaofaa. Kwa vitendo: tuma ujumbe saa 24 kabla, taja sababu na saa, usiingie hayupo, na ukifika piga hodi ungoje. Hasa kwa mama aliye peke yake na watoto, nenda na mtu mwingine wa kike.

Kuhusu kodi kupanda. Kutoka 80,000 mpaka 100,000 ni asilimia 25 kwa mkupuo, na mnaipandisha wakati umeme unagombaniwa na choo hakina kufuli. Mtapata vyumba viwili vitupu na ada ya dalali juu. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili, mmepoteza 160,000. Nyongeza ya 20,000 itachukua miezi minane kuzirudisha. Malizeni mita na vyoo kwanza, kisha tangazeni nyongeza ya 8,000 kwa maandishi siku 60 kabla ya mkataba wa kila mmoja kuisha. Usiguse kipindi ambacho mtu amekwisha kukilipia, hata kwa shilingi mia. Siku 30 kabla, ajibu kama anaendelea. Na kama mnaweza kuvumilia, msing'ang'anie kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtu wa kipato cha siku akitakiwa kutoa 480,000 kwa pamoja hukopa, na mkopo huo hulipwa kabla ya LUKU na kabla ya maji. Mpangaji alipe miezi mitatu mitatu kwanza, kisha mwezi kwa mwezi kwa aliyekaa mwaka mzima bila kuchelewa.

Anayedaiwa miezi mitatu ana deni la 240,000. Mwite peke yake, mchana, na kamwe usitaje deni lake kwenye kundi la WhatsApp la nyumba. Kundi hilo ni la matangazo: maji yatakatika kesho, mita zinasomwa Jumapili, basi. Mwulize jambo moja tu la kwanza: hela yako huingia lini? Mwenye bodaboda hupata kila siku, fundi ujenzi kila Jumamosi, mwajiriwa mwisho wa mwezi. Ratiba ya deni ifuate hela inavyoingia. Akilipa kodi ya mwezi 80,000 na kipande cha deni 40,000, ni 120,000 kwa mwezi, deni linaisha kwa miezi sita. Kwa mwenye bodaboda igeuze iwe 30,000 kila wiki, siku ya Jumatatu. Andikeni, msaini. Eleza mapema kitakachotokea akikosa: akikosa wiki moja mnazungumza, akikosa mbili mfululizo anapata notisi ya maandishi. Kinachoharibu mipango hii ni kiasi kikubwa kupita uwezo, kilichokubaliwa kwa aibu. Ukiona anakubali haraka haraka kila unachotaja, punguza.

Usifunge kufuli juu ya kufuli lake, usikate umeme wake, usitoe mlango wala bati. Mambo hayo hufanywa sana mjini, na humgeuza mdaiwa kuwa mdai: vitu vyake vikipotea, wewe ndiye unayetafutwa. Ikifika mwisho, notisi ya upangaji wa mwezi kwa mwezi isiwe chini ya mwezi mmoja na iishie siku ya kulipia kodi. Akikataa, shauri huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Amri ya kumtoa mtu hutoka huko, nayo hutekelezwa na dalali wa baraza.

Ukifika huko utaulizwa mkataba. Mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri kwamba mlikubaliana mbele ya mwenyekiti, lakini sio ushuru wa stempu. Ushuru huo hulipwa mamlaka ya mapato, TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka: kwa chumba chako 960,000 kwa mwaka, ushuru ni 9,600. Mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe na faini yake. Nakala za vitambulisho vya NIDA mlizochukua zifungiwe ndani. Taarifa za watu zinalindwa na sheria ya 2022, si za kuachwa juu ya meza sebuleni kwa kaka.

Mdogo wako anaweza kuhamia. Msimamizi anayelala pale husikia bomba likivuja kabla halijawa bili. Ila asishike kodi ya mtu hata siku moja. Kodi iende kwenye ile namba moja. Mpeni fedha ya matengenezo madogo, tuseme 50,000, anatumia bila kuuliza hadi 20,000 kwa kazi moja, analeta risiti, mnamjazia ikishuka. Asiamue ugomvi wa wapangaji peke yake wala asisambaze ya chumba kimoja kwenye kingine. Akipewa chumba bure, waambieni wapangaji wazi kwamba ni sehemu ya malipo yake, wasilisikie pembeni. Na mita ya chumba chake isomwe Jumapili hiyo hiyo, iandikwe ubaoni pamoja na za wengine, alipe uniti zake kama wao.